Ombi la Kuondolewa Kwenye Fainali Niliyoingia kwa Kulalamika

Kwa Bwana Zahran,
Mwenyekiti, Kamati ya Mashindano ya Vichekesho,
Ukumbi wa ghorofani, Kiponda, Unguja.

KUH: KUFUTWA JINA LANGU KATIKA FAINALI

Assalaam alaykum Bwana Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima na umeshanyamaza, maana mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa unafuta machozi.

Mimi ni jirani yako wa chini. Kiyoyozi cha ukumbi wenu kinadondosha maji juu ya baraza ya nyumba yangu, pale pale mke wangu Riyama anapouza urojo kila alasiri. Tone linaanguka katikati ya sufuria. Akiisogeza, linamwangukia mteja. Riyama akaniambia, tena mbele ya watu, "Kificho, mdomo wote huo unashindwa na kibomba cha kiyoyozi?" Ndipo Jumamosi nikapanda ngazi zenu na karatasi yangu ya malalamiko.

Mlangoni Bi Reem akanipa namba kumi na moja. Sikushangaa. Kila ofisi niliyoipelekea shida hii imenipa namba, ila nyinyi ndio wa kwanza kuniita. Nikaitika "Naam!", nikasimama mbele ya meza yenu, nikasoma. Watu wakacheka. Nikawaambia hili si jambo la kuchekwa. Wakazidi. Nilipofika kwenye orodha ya wateja walioloa, kwa majina, wewe ukaanza kulia, nami nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu ana huruma. Mwisho ukapiga meza: "Umepita!"

Bwana Mwenyekiti, mimi nilielewa kuwa lalamiko limepita. Nilishuka mbio nikamwambia Riyama akunje turubai la kukingia tone, shida imekwisha. Siku ya tatu ikaja karatasi ya fainali, na tone likaingia kwenye urojo huku naisoma.

Tangu hapo yamenifika haya:

1. Mmenipa jina la "Bwana Tone" bila ya kuniuliza, mkalibandika sokoni Darajani pamoja na picha yangu nimekunja uso. Watu wanasema nimeigiza vizuri. Ule ndio uso wangu.

2. Hakuna anayeniamini tena. Jumatano nilikwenda kung'oa jino. Daktari akaniuliza, "Linauma vipi?" Nikamweleza. Akawaita wauguzi, akanambia, "Hebu rejea, mzee wangu, na hawa wasikie." Nimerudi na jino langu.

3. Juzi kwenye khitma nilimpa mkono mfiwa, Mzee Saud, nikasema "Poleni" kwa adabu zote. Sikuongeza neno. Akajiziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika, watu wakamkimbilia kumliwaza. Nikasifiwa kuwa najua kugusa nyoyo. Nshaalikwa khitma mbili za watu nisiowajua.

4. Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Nikimwambia Riyama chumvi imezidi, hunijibu, "Hiyo nayo kaiseme fainali," kisha anacheka mpaka anashika ukuta. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijapata kumsikia akicheka vile. Sasa hata kununa siwezi, maana nikinuna ndio anazidi.

5. Tone lipo pale pale. Hili ningeliweka la kwanza, lakini nilianza kuandika na hasira.

Kwa hivyo naomba kiyoyozi kihamishwe, jina langu lifutwe, na nipewe barua yenye mhuri isemayo kuwa Kificho Nahodha si mtu wa kuchekesha, nakala kwa daktari wa meno. Ikiwa kunifuta hakuwezekani, basi waamuzi wa fainali wawe watu wasiocheka. Majina yao ninayo, nimekaa nao barazani miaka mingi.

Nisalimie Bi Reem, waamuzi wenzako, na wote waliokuwepo ukumbini, isipokuwa yule wa shati la kijani aliyeanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Jirani yako niliyeloa,
Kificho Nahodha

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, fundi wenu Tahir amekuja na ngazi, anasema ametumwa kuhamisha kiyoyozi. Nimemrudisha. Watu wanakuja hata kutoka kule Matemwe kuliangalia tone, na wakishaliona hukaa wakala urojo. Riyama amelitegea bakuli lake na hataki mtu aliguse. Halafu, bwana, pakikauka mimi nitasema nini mbele ya watu siku ya fainali? Liacheni lidondoke kwanza. Na kiti kimoja cha mbele kabisa muwekeeni Riyama, nimsikie.