Bado Sijazinduliwa

Jumamosi, 2 Machi

Leo naanza maisha mapya. Mwaka jana, siku ya michezo ya kiwanda chetu cha magodoro, nilicheza mpira wa meza na Msumari, mkuu wa bohari. Nikafungwa kumi na moja kwa sifuri. Tangu hapo naitwa Sifuri. Meneja ananiita Sifuri. Mlinzi wa getini ananiita Mzee Sifuri, anadhani ni heshima. Hayo yote nimeyavumilia. Lakini jana binti yangu amerudi kutoka shule analia, wenzake wanamwita Mtoto wa Sifuri. Nilijifanya natafuta viatu chini ya kitanda, maana na mimi machozi yalinitoka.

Mashindano ni Jumamosi ijayo. Lazima nishinde! Mazoezi? Mazoezi ni ya watu wasio na mbinu. Kinyozi wetu amesomea hipnosisi kwa simu. Anasema mtu unamlaza akili huku mwili umekaa, unaipa ile akili amri, kisha unamzindua. Anaamka bingwa. Anadai inatibu hata uvivu na woga wa wakwe. Namwamini. Kila anayekaa kwenye kiti chake husinzia.

Kesho anakuja nyumbani.

Jumapili, 3 Machi

Kinyozi kaja alasiri. Nikaketi kwenye kochi. Mke wangu alikuwa pembeni anakunja nguo, nikamruhusu abaki mradi asinivuruge. Kinyozi akaning'iniza ufunguo mbele ya macho yangu, akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kumi. Tisa. Nane.

Nimeamka giza limeingia. Shuka juu yangu. Kinyozi hayupo! Mke wangu kasema alimaliza kazi yake akaondoka, anasafiri kwenda harusi ya mpwa wake, hatarudi mpaka mwisho wa wiki. Nikamuuliza mbona hawakuniamsha. Akasema kinyozi alikataza: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nikauliza nilipewa amri gani. Akasema hakumbuki vizuri, hata yeye alikuwa kama anaota, ila sauti ya kinyozi ilikuwa tamu. Nikauliza kama nilizinduliwa. Akasema upande wangu alisikia mikoromo tu.

Nimempigia kinyozi. Hapatikani.

Basi niko ndani ya hipnosisi mpaka sasa. Nina amri kichwani na sijui ni amri gani!

Mke wangu kavuta sikio lake la kushoto, kachukua bisibisi, katengeneza bawaba ya mlango niliyomwahidi tangu mwaka juzi. Sikumjali. Nina mambo mazito.

Jumatatu, 4 Machi

Natafuta amri yangu. Nimepiga makofi: kimya. Nimepiga mluzi: kimya. Nimesimama kwa mguu mmoja: nimeanguka. Je, kuanguka ndiyo amri?

Kazini nimekata sponji mshazari. Msimamizi kafoka. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi si mimi, nililazwa akili jana na bado sijazinduliwa. Kasema sponji zangu ni mshazari tangu alipoajiriwa yeye.

Jioni nimejikuta nakula vitunguu. Mimi sili vitunguu! Mke wangu anasema nakula miaka yote, hulalamika nikishamaliza. Sasa nimwamini nani, mke au ulimi wangu?

Mwenye nyumba kapita. Kwa kawaida tukimtajia paa linalovuja hutufokea sisi. Leo mke wangu kavuta sikio, kamwambia taratibu kwamba fundi aje kabla ya Ijumaa, la sivyo beseni la maji ya mvua litahamia kwake. Mwenye nyumba kaomba radhi. Kamwita mama! Nimeshangaa, lakini kilichonitia wasiwasi ni lile sikio. Huenda lina mdudu. Nimemshauri aende zahanati.

Jumatano, 6 Machi

Siri imevuja. Nilimwambia mlinzi peke yake, tena nikamwapisha. Kufika chakula cha mchana kiwanda kizima kinajua.

Msumari kaja mezani kwangu na sahani yake, kakaa bila kukaribishwa. Kasema kinyozi ni kinyozi wake pia, na kabla ya kusafiri alimnong'oneza neno langu, lile likitajwa mimi kwisha habari. Nikasema mwongo. Akaniangalia machoni akatamka: kabati. Kisha akaendelea kula.

Goti langu lilistuka. Au lilitaka kustuka? Nimerudi nyumbani nimelitazama kabati letu mpaka binti akauliza kama nimepoteza kitu. Sihisi kitu. Labda kidogo.

Dawa ya moto ni moto. Kesho namlaza yeye.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda bohari na ufunguo niliouokota koridoni. Nikamning'inizia Msumari puani, polepole, kulia, kushoto. Akaufuata kwa macho. Nikajua kanasa! Kumbe anausoma namba. Ni ufunguo wa bohari uliopotea wiki iliyopita. Kaunyakua, kapiga kelele, meneja kaja. Nimepewa onyo, na nimetakiwa kueleza ufunguo huo nilikuwa nautumia kwa kazi gani. Nikasema kwa kulaza watu. Ikawa mbaya zaidi.

Fundi wa paa kaja. Nimemsikia mke wangu anamwelekeza pa kupigilia.

Ijumaa, 8 Machi

Kanuni inataka kila mchezaji awe na mtu wa akiba. Idara nzima wamenikataa, wakasema hawataki kuitwa Sifuri wa Pili. Nimemtaja mke wangu, kwa vile anashona idara ya cherehani hapo hapo kiwandani na anahesabiwa upande wetu. Wamecheka mpaka sindano zimesimama. Yeye kavuta sikio tu.

Wiki hii yote jioni anapiga mpira kwenye ukuta wa jikoni kwa kibao cha kukatia mboga, binti anamhesabia. Pa, pa, pa! Nawezaje kuisikia amri yangu kwenye vurugu hii? Nimewaomba wapunguze. Wamefunga mlango. Bawaba haikulia hata kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya siku. Ukumbi wa chakula umefurika. Binti yangu mbele kabisa, kavaa sweta lake jipya.

Msumari kaanzisha, akasema: kabati. Nikajiuliza nipige au nikae? Nilipopata jibu mpira ulikuwa chini ya benchi. Akasema tena. Safari hii nikaamua kutii, liwalo na liwe, nikafungua mikono kama milango. Mpira ukanipiga kifuani. Tano kwa sifuri. Watu wanagonga masufuria, wanaimba lile jina. Nikamwona binti yangu kavuta sweta kafunika uso. Hilo liliniuma kuliko yote, nikabaki nimesimama, mikono wazi, sijui hata niifunge vipi.

Mhasibu, ambaye ndiye mwamuzi, kaniuliza kama naumwa. Nikasema sijui, aulizwe kinyozi. Akamwita mtu wa akiba.

Mke wangu kavua viatu. Kavuta sikio. Msumari akamwambia kabati. Yeye akamjibu kwamba hanunui, aanze mchezo. Baada ya hapo sikuona vizuri, nilikuwa nyuma ya watu. Nilisikia tu pa, pa, pa! Kumi na moja kwa sita. Binti yangu alikuwa amesimama juu ya kiti, uso wazi, anapiga kelele hadi sauti imekauka.

Mlangoni kasimama kinyozi na begi la safari. Nikamkamata shati, nikamtaka aniambie amri yangu na anizindue hapo hapo. Kasema mimi nilikuwa nakoroma kabla hajafika saba. Hakutaka kuharibu kazi, akaendelea na aliyekuwa macho: hofu ikija, vuta sikio la kushoto, itoke. Akamzindua vizuri kabisa. Mimi hakuna cha kuzindua, sikuwahi kulazwa.

Nikamuuliza, basi vitunguu nimevilaje? Akajinasua shati, akachukua begi lake.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna tena Sifuri! Mlinzi kaniita Mume wa Bingwa. Binti amewatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba yeye ni Mtoto wa Bingwa, na mimi sikumsahihisha ni bingwa wa upande gani. Meneja kamwomba mke wangu asimamie idara ya cherehani. Nina furaha, naandika huku natabasamu peke yangu.

Nimetafakari mchana kutwa na nimeelewa kosa lilipo. Hipnosisi inafanya kazi, ushahidi ninao ndani ya nyumba. Kosa ni kwamba nililala. Kinyozi anakuja tena Jumapili ijayo. Safari hii nahitaji mtu wa kukaa kando yangu anifinye nikianza kusinzia. Mke wangu kasema ana mazoezi. Nikawaza, nani ana macho makali, hasinzii ovyo, na atakuwa tayari kusikiliza kila neno la kinyozi mpaka mwisho?

Msumari kakubali hata kabla sijamaliza kuuliza. Kumbe ni mtu mwema! Nimemwahidi kiti cha mbele.