Mrehani wa Zambarau Mtaani Ibra

"Kikuba chako kilimpigisha bi harusi chafya mbele ya wakwe!" Bi Turkiya alisema juu ya ukuta.

"Na mrehani wako, mbuzi kaunusa akaenda zake!" akajibu Bi Mwanaheri.

Sinan alizima gari kwa adabu, kama aliyefika msikitini. Hapa Ibra aliuza miche na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa yakitoka. Baada ya wiki mbili alikuwa aende Mudhaibi kuposa kwa Mzee Humoud, ambaye keshaahidiwa chupa mbili za asali ya sumri, ile ya maua ya mgunga. Sinan hakuwa na hata nyuki mmoja. Majirani hawa wawili, wafunga vikuba vya asumini na mrehani, mtaa mzima ulijua, kila mmoja ana ndugu mwenye mizinga ya nyuki Wadi Bani Khalid.

Mbele ya usukani alikuwa na mrehani wa zambarau, wa kweli, mmoja tu. Nyuma alikuwa na wa kijani, tele. Kesho yake, kwa burashi na rangi ya keki, miwili ya kijani ikawa zambarau.

"Shikamoo bibi. Nusa huu wangu," alimwambia Bi Turkiya, akimsogezea ule wa kweli na kumkabidhi mmoja wa ile ya rangi. "Mkoa wote wa Sharqiya ipo miwili tu, huu na huo wako. Jirani asijue."

Bi Turkiya alinusa kwa muda mrefu, kanga imeufunika mche mzima. "Unataka nini?"

"Asali, chupa moja. Ya posa, kwa Mzee Humoud wa Mudhaibi. Nionee huruma."

"Njoo Ijumaa ya pili, baada ya sala."

"Majani usiyamwagie maji, bibi. Yana haya."

Kwa Bi Mwanaheri maneno yalikuwa yaleyale, na kunusa kulekule.

Sinan ni mtu wa mji wa Sur. Kwao majirani wakigombana hata salamu hukatika. Hakujua kwamba hapa watu hugombana asubuhi, na mchana sahani ikapita juu ya ukuta kama kawaida. Bi Turkiya alipeleka biriani, juu kaipamba kwa majani matatu ya mrehani wake mpya ili jirani afe kwa kijicho. Mvuke ukafanya kazi yake. Sahani ilipofika, majani yalikuwa kijani na wali zambarau.

Bi Mwanaheri aliutazama wali. Akaenda kwenye chungu cha mrehani wake, akasugua jani kwa kidole chenye maji, kidole kikawa zambarau.

"Jirani," aliita, "na wewe ni chupa moja?"

Bi Turkiya akachungulia juu ya ukuta, akakiona kile kidole.

Ijumaa Sinan alifika na kanzu nyeupe, ananukia udi. Mabibi wote wawili walikuwa mlangoni kwa Bi Turkiya. Dirishani palikuwa na gilasi mbili za maji, kila moja na kijiti cha mrehani wa zambarau, mizizi myeupe imejaa chini.

"Tulinusa kwa mkono pia," alisema Bi Mwanaheri. "Kijiti ukikichuna ukakitia majini, huota. Hukujua, muuza miche?"

Sinan hakujua.

"Na asali yangu?"

"Wallahi hatudhulumu mtu," alisema Bi Turkiya. "Chupa zote mbili ziko kwenye sinia, zimefunguliwa. Tumealika na mgeni, katoka mbali, toka Mudhaibi. Keshahadithiwa kila kitu."

Ndani mtu alikohoa, kijiko kikagonga chupa.

"Ndiye huyo?" aliuliza Mzee Humoud. "Vua viatu, mwanangu, ingia tule. Wali wa zambarau wamekuwekea wewe."