Sweta la Kijani na Somo la Kutoa

Jumatatu, tarehe 16 Desemba

Watoto wamefika! Wiki nzima ya likizo ni yangu. Kifungua mimba, miaka tisa, na begi la vitabu. Kitinda mimba, miaka sita, na mwanasesere asiye na jicho. Mama yao hakuingia ndani. Alisema nisiwape soda, akageuka. Nilimtazama mpaka alipokata kona. Miezi kumi na moja sasa tangu ahamie kwa dada yake, mitaa miwili tu kutoka hapa, baada ya mradi wangu wa kufuga kware sebuleni. Mradi ulikuwa mzuri. Kware ndio hawakuwa na nidhamu.

Kifungua mimba kasema mama anapokea misaada ya sikukuu ya watoto yatima, pale ukumbi wa shule. Msimamizi ni mwenye duka la dawa. Yule! Mgane, meno yote mdomoni, huwapa wanangu vitamini bure. Shemeji humsifu kutwa. Mimi huniita mkono wa birika.

Basi! Wanangu watatoa kuliko watoto wote wa mtaa. Mama yao ataona. Atauliza nani kawafunza. Atarudi kabla ya mwaka mpya.

Jumanne, tarehe 17 Desemba

Somo la kwanza. Kila mmoja alete kitu cha kutoa. Kifungua mimba akaleta kitabu cha hesabu. Kitinda mimba akamleta dada yake.

Nikawaeleza: kutoa ulichokichoka si kutoa, ni kufagia nyumba. Toa kile ambacho kikiondoka utaumia. Maneno matamu! Nikayachora ubaoni kwa rangi nyekundu, kila herufi na kivuli chake cheusi. Miaka ishirini ya kuchora mabango si mchezo. Kifungua mimba akauliza mimi natoa nini. Nikamjibu kwamba mwalimu hafanyi mtihani.

Jumatano, tarehe 18 Desemba

Mfuko umejaa, umefungwa kamba. Sikuchungulia ndani, nipate kusema kwamba sikuwaingilia. Niliubandika tu kibao cha rangi tatu: KUTOKA KWA BABA NA WANAWE, KWA MOYO MKUNJUFU. Neno BABA nililikuza kidogo. Mara tatu ya mengine.

Wakaupeleka. Mimi nilibaki nje ya dirisha la ukumbi, najifanya napima ukuta. Mama watoto alikuwa mezani, penseli nywelini kama zamani. Mwenye duka la dawa akasema jambo, mama watoto akacheka. Akacheka! Kwangu kicheko hicho kimeadimika tangu kabla ya kware. Nilipima ukuta mara tisa.

Alhamisi, tarehe 19 Desemba

Balaa! Sweta halipo.

Nieleze. Mama watoto alipoondoka alisahau sweta lake la kijani nyuma ya mlango. Mimi hulala nalo chini ya mto wangu. Si jambo la kutangaza. Leo natia mkono, patupu!

Kifungua mimba akanijibu kwa utulivu kabisa. Nilisema watoe kinachouma. Yeye katoa viatu vyake vipya, mdogo wake katoa mwanasesere, na mimi walinitolea sweta, kwa sababu wameona hakuna kitu humu nikipendacho kama hicho. Nilitaka kugomba. Kitinda mimba akauliza kama nimeumia. Nikasema ndiyo, sana. Akanipongeza.

Jumamosi, tarehe 21 Desemba

Mpango: kuingia ukumbini mapema kwa kisingizio cha kurekebisha kibao, kuchukua sweta, kuondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa. Nilikuwa chini ya meza, kichwa ndani ya mfuko, nilipoona viatu. Vya mwenye duka la dawa. Kando yake, viatu ninavyovijua.

Nikasema nawapangia misaada kwa rangi, kitaalamu. Mwenye duka la dawa akanishukuru, akaenda kuleta viti. Hata kuniudhi hajui!

Mama watoto alikuwa nalo sweta mkononi. Akasema aliliona tangu Jumatano. Siku hiyo alisoma kibao: kutoka kwa baba, kwa moyo mkunjufu. Akajua nimeshamchoka. Sweta hakulisahau, akasema. Aliliacha makusudi, apate sababu ya kuitwa aje alichukue. Hakuitwa.

Nikasema ni watoto waliolitoa. Akauliza basi mimi nimefuata nini humu. Hapo ndipo! Mlango wazi, neno lenyewe limefika ulimini. Nikasema nimefuata brashi yangu.

Akalikunja sweta, akalirudisha mfukoni, akisema watoto wameshatoa, wasivunjwe moyo. Akasema kuna neno moja amelisubiri tangu Januari, na njia ya kwa dada yake naijua. Nije nimwambie tu. Ninamkosa mwanamke huyu mpaka mbavu zinauma.

Jumapili, tarehe 22 Desemba

Shemeji amekuja kuwachukua watoto. Nyumba kimya. Kifungua mimba alinong'ona kwamba kutoka hapa hadi kwa mama ni dakika nne, kahesabu. Twende wote sasa, baba. Mtoto bado mdogo, hajui mambo ya watu wazima. Mtu haendi tu hivi hivi!

Nimewaza asubuhi nzima, nimepata. Mkabala na dirisha la shemeji kuna kinyozi mwenye ukuta mtupu. Nimekubaliana naye: nitamchorea ukuta mzima bure. Nitakuwa juu ya ngazi, mita sita kutoka dirishani. Mama watoto atafungua pazia, ataniona, ataniuliza nafanya nini pale. Na hapo, nikiulizwa vizuri, nitasema.

Kazi ya siku kumi. Nikichora polepole, kumi na tano.