Mtetemo wa Mara Tisa kwa Sekunde

Jumatatu, 4 Machi
Mkataba wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Mhandisi Mkuu ataamua kama nabaki maabara au narudi kushinda sebuleni kwa shangazi. Leo tumeanza kupima mtetemo wa ekzosi, bomba la moshi la gari. Kihisi kinachousoma mtetemo hubandikwa kwenye bomba kwa gundi maalumu, nayo huchukua siku nzima kukauka. Nilitakiwa kukibandika Jumamosi. Nikafungua kopo la gundi, kisha nikasahau.

Kukiri? Thubutu. Nilijibanza nyuma ya injini, nikakikandamiza kihisi bombani kwa kijiti. Dakika arobaini. Wenzangu walikuwa chumba cha pili wakitazama grafu. Hakuna aliyejua.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Mhandisi anasema bomba lina mtetemo wa ajabu, mara tisa kwa sekunde, na hauishi hata injini ikizimwa. Miaka ishirini kazini, hajawahi kuuona. Kipimo kirudiwe. Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Rula kwa urefu wake, akaniuliza kama jasho langu ni la ekzosi au la Ijumaa.

Nikikibandika kihisi sasa, mtetemo utatoweka, na nitaulizwa ulikotoka. Nimeshika kijiti tena.

Jumatano, 6 Machi
Wamebadilisha mipira inayoning'iniza bomba. Wamekaza nati zote. Mtetemo umezidi. Sababu naijua: sikupata usingizi. Mhandisi amepiga simu kiwandani, wasitishe kutengeneza mabomba ya aina hii. Kiwanda kizima kimesimama! Shangazi kanishika paji la uso, akasema homa sina, labda nina mchumba.

Alhamisi, 7 Machi
Mhandisi aliingia chumba cha injini katikati ya kipimo. Akatazama kijiti. Akatazama mkono wangu. Akazima injini. Katika kimya kile, kijiti kikaendelea kugonga bomba.

"Mwanangu," akasema taratibu, "siku nne hizi tumekuwa tukikupima wewe."

Ijumaa, 8 Machi
Sikufukuzwa. Mhandisi, mama wa watu, amewaomba radhi kiwandani yeye mwenyewe, kisha akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Sharti ni moja: Jumatatu kipimo kirudiwe, kihisi kikiwa kimebandikwa. Nimeapa mbele yake.

Jioni nimefungua kabati. Kopo la gundi limekauka, kwa kuwa Jumamosi niliacha kulifunika. Kwenda kumwambia, leo hii? Nimeketi, nikalichunguza kosa langu hatua kwa hatua, kama msomi. Nimelipata. Kosa ni mkono.

Nimemtazama Rula akimimina chai ya moto. Halikudondoka hata tone. Nimemweleza. Amekubali kushika kijiti.