Kikohozi cha Baba Tonge

Jumatatu, 8 Juni

Siku ya sabini na tisa ya kufungiwa ndani. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kapu la nguo chafu koridoni, maana ndipo mahali pekee nyumba hii iliponibakizia. Damu inanichemka.

Hesabu ni rahisi. Watu wanne, vyumba viwili. Sebule haina mlango. Jiko lina pazia. Chenye mlango wa kufunga ni chumba cha kulala peke yake, na hicho kina mwenyewe! Kila siku tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita mke wangu amejifungia humo anasoma. Ijumaa saa nne ana mtihani wa mwisho wa leseni ya ufamasia, unafanywa kwa kompyuta. Ameufukuzia mtihani huo miaka minne. Mara ya kwanza akazaliwa binti yetu Kamishna. Mara ya pili akazaliwa mdogo wake, Tonge. Hii ni ya tatu, na nyumba nzima inatakiwa kutembea kwa ncha za vidole. Nyumba nzima ni mimi.

Mimi ni mkaguzi wa lifti. Sasa hivi niko likizo ya lazima, kwa sababu watu wameambiwa wasipande lifti pamoja, na lifti isiyopandwa haina wa kuikagua. Basi nalea. Kamishna ana miaka mitatu na hakuna jambo asilolitolea amri. Leo kanifuma jikoni nyuma ya pazia nakula biskuti, akaniamuru niiteme. Nimeitema! Tonge ana miezi minane, anatambaa mbio kama panya na kila anachokutana nacho anakila. Leo kala kona ya kadi yangu ya bima na unyoya. Hatufugi ndege.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba na mimi nina haki ya kile chumba. Akauliza nakitaka cha nini. Nikasema cha kufikiria. Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye vitabu vyake.

Jumanne, 9 Juni

Nimepata! Redio imesema asubuhi: mtu mwenye kikohozi kikavu na homa atengwe chumba cha peke yake siku kumi na nne, aletewe chakula mlangoni, wengine wasimkaribie. Nikaongeza sauti nisikie vizuri. Chumba cha peke yake. Chakula mlangoni. Wengine wasimkaribie. Na watu wanalalamika?

Saa tano nikakohoa. Kikohozi cha kwanza kilitoka kibwege, Kamishna akasema baba anachekesha. Cha pili kikanipalia kweli. Cha tatu ndicho chenyewe, mke wangu akatoka chumbani kalamu ikiwa mkononi. Akaniletea kipimajoto, akaenda kumtoa Tonge soksi mdomoni. Nikakitumbukiza kwenye chai. Arobaini na mbili na nusu! Kwa joto hilo mtu hasimami. Nikakizima, nikaanza upya, safari hii nikakigusisha ubavuni mwa kikombe tu. Thelathini na nane na nusu. Safi kabisa.

Alipokisoma uso ulimbadilika. Akamchukua Tonge, aliyekuwa ameshatambaa mpaka mapajani kwangu, akamwogesha kichwa hadi miguu, akanawa na yeye hadi viwikoni. Akapiga simu ya wizara. Wakamwambia nisipelekwe popote maadamu napumua vizuri, nikae ndani nitengwe. Akaanza kuhamisha vitabu vyake na kompyuta. Ratiba ya mtihani ilikuwa imebandikwa kabatini, akaibandua taratibu isichanike. Macho mekundu. Nimeudhika sana. Mgonjwa mimi, analia yeye!

Saa nane mchana nimejilaza katikati ya kitanda, miguu nimeitawanya nitakavyo. Komeo nimelisukuma mpaka mwisho.

Jumatano, 10 Juni

Nimelala mpaka saa nne. Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Kwanza chakula. Asubuhi uji. Mchana uji. Na wakati nakunywa uji nasikia harufu ya mayai inapita chini ya mlango. Nikamtumia mke wangu ujumbe kuuliza kuhusu mayai. Akajibu kwamba mwenye homa ale vyepesi. Nikaandika "homa ya nani?" Namshukuru Mungu nilifuta kabla sijatuma.

Pili msalani. Bafu na choo ni kimoja, na utaratibu aliouweka ni wa hospitali. Nabisha mara tatu kwa ndani, yeye anawaondoa watoto koridoni, mimi napita na barakoa mbili, nikirudi anaingia nyuma yangu kusugua kila nilipogusa kwa dawa. Kila safari! Leo nimechungulia tundu la ufunguo nikaona mikono yake imepasuka. Nimeamua kupunguza chai ili nisimchoshe. Nani mwingine angemfikiria hivyo?

Tatu, na hili ndilo limenikera kuliko yote, mama mkwe haji. Alikuwa aje Ijumaa kuwashika watoto mtihani ukiendelea. Nimesikia kila kitu mlangoni. Mke wangu alimwambia nyumba ina mgonjwa, na yeye kifua chake hakimruhusu, basi asije. Jirani wa chini aliyekuwa wa akiba naye amesema atatuombea, halafu akaweka kiti mbele ya mlango wake ili tusisogee. Waoga wakubwa! Wanakimbia kikohozi cha mtu ambaye hata haumwi.

Nilifikiria kupona. Nilifikiria kwa moyo mweupe kabisa. Lakini mtu hawezi kupona siku ya pili, ingeonekana uongo.

Alhamisi, 11 Juni

Kamishna amehamia mlangoni kwangu. Anapitisha vitu chini ya mlango: jani, nusu biskuti, picha ya mtu mwenye miguu sita ambaye nadhani ni mimi. Akauliza kwa tundu la ufunguo kama nitakufa. Nikamwambia hapana. Akauliza lini. Nilikuwa naangalia mechi ya zamani kwenye simu, kipindi cha pili, nikamwambia baadaye.

Kama saa kumi hivi jioni nikasikia vigelegele koridoni. Mke wangu akaniita kwa furaha. Tonge kasimama! Ameshika kapu la nguo, kaachia mkono mmoja, kaachia wa pili, kasimama peke yake. Nikaruka kitandani. Nikashika komeo. Ndipo nikakumbuka kwamba naumwa.

Nikabaki nimesimama nyuma ya mlango nasikiliza wanavyopiga makofi. Imeniuma. Siandiki kwa mzaha, imeniuma kweli, nilikaa chini nikashika kichwa. Siku sabini na tisa nimekaa naye sakafuni namwokotea takataka mdomoni, halafu anangoja nifungiwe ndipo asimame! Mtoto huyu ana roho mbaya. Ameitoa upande wa mama yake.

Nimemtumia mke wangu ujumbe amwambie Tonge arudie kesho kutwa.

Ijumaa, 12 Juni

Naandika jikoni. Nina hasira, na nusu ya hasira hiyo sijui nimpelekee nani.

Asubuhi mke wangu alisema kitu mlangoni. Nilikuwa na spika za simu masikioni, dakika za nyongeza, nikajibu sawa. Sasa nimeshajua alichosema. Alisema mtihani atafanyia bafuni, ndimo pekee watoto hawataingia kwa kuwa wanajua kuna kuogeshwa. Alisema Tonge atakuwa amelala na Kamishna atakuwa kwenye katuni. Alisema kanuni ya mtihani ni mtu mmoja mbele ya kamera, akionekana au kusikika mwingine karatasi inafutwa. Na kwamba nisitoke mpaka saa saba, nikizidiwa kuna ndoo mlangoni.

Yote hayo nikajibu sawa.

Saa sita hivi nikazidiwa. Nikabisha mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Kimya. Nikafungua. Koridoni hakuna mtu, ila ndoo, nikadhani ya kupigia deki. Kamishna mgongo kanipa, macho kwenye katuni. Nikajua mama yao katoka kidogo. Uhuru! Nikasahau hata kilichonitoa. Nikaenda jikoni kwa fulana na bukta, bila barakoa, nikakuta mayai matatu ya kuchemsha. Mawili nikayala hapo hapo. La tatu nikalitia mdomoni zima, na kwa furaha nikaanza kuimba. Mtu akiwa na yai mdomoni haimbi vizuri lakini anaimba kwa nguvu.

Mlango wa bafu hauna komeo. Nililing'oa Aprili nikaenda kulifunga chumba cha kulala, Kamishna asituingilie. Nikakumbuka haja iliyonitoa, nikausukuma kwa kiwiko.

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, kompyuta juu ya kigoda, nywele amezibana vizuri, blauzi ya kazini, chini kanga. Kwenye kioo cha kompyuta mwanamke mwenye miwani ananitazama moja kwa moja. Nikaendelea kuimba sekunde kama mbili zaidi, mdomo ulichelewa kupata habari.

Yule msimamizi akauliza kwa upole bwana huyo ni nani.

"Ni mume wangu," mke wangu akasema. "Anaumwa."

Msimamizi akasema anasikitika sana. Akasema kanuni ni kanuni. Mke wangu alikuwa amefika swali la themanini na moja kati ya mia moja. Kisha kioo kikawa cheupe.

Nikameza yai. Nikangoja kelele. Hazikuja! Aliinuka, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kama anavyowapima watoto. Akauacha mkono pale muda mrefu.

"Siku tatu nimelala sakafuni na mtoto kifuani, nasikiliza kama anapumua," akasema.

Nikamwambia kwamba homa imeshuka asubuhi hii hii. Akanipita, akaingia chumbani, nikasikia komeo. Kamishna akaja na kidole puani, akauliza mama anafanya nini mle. Mama yake ndiye aliyejibu, kutoka ndani, sauti ya kawaida kabisa kama anayeagiza chumvi.

"Mwambie baba nina dalili."

Jumapili, 14 Juni

Siku ya tatu ya dalili zake. Hata kukohoa hakohoi! Hana haya. Mimi angalau nilijitahidi, nilikohoa mpaka mbavu zikauma, nilipika joto. Yeye ni komeo tu.

Tonge ndiye peke yake anayepokelewa. Akitaka kunyonya nampitisha mlangoni, mikono inatoka, inamchukua, mlango unafungwa. Baadaye mikono inamrudisha. Mimi sitazamwi. Kwa kubisha, nabisha mara tatu, nimezoea.

Nimempelekea uji. Umerudi. Ukaja ujumbe wa neno moja: mayai. Nimempikia mayai. Kamishna amenisimamia kazi nzima na kusema mama huwa hayaunguzi. Tonge kasimama tena leo, mara mbili, lakini mara zote mbili nilikuwa nafuta mkojo wa Kamishna sebuleni, sikuona hata mara moja. Wananifanyia makusudi.

Jana mchana nilimsikia analia mle ndani. Nikabisha. Akanyamaza. Nikaondoka, akaanza tena. Nimekaa koridoni nimekasirika, maana mtu akilia wewe unabisha, na ukibisha ananyamaza, sasa unatakiwa ufanye nini?

Mama mkwe alipiga simu. Nikamwambia mtihani uliharibiwa na mtandao. Akasema bintiye ameshamsimulia. Kisha akaniuliza kwa adabu kama yai lilikuwa limeiva.

Jumanne, 16 Juni

Ametoka. Asubuhi amefungua tu mlango, akamsuka Kamishna, akamnyonyesha Tonge dirishani, akafua. Hakunigombeza. Nilijiandaa kugombezwa, nilikuwa na majibu manne mazuri, yote yamebaki mkononi.

Saa nne alipigia ofisi ya mitihani. Nilisikiliza nikijifanya nakunja nepi. Wamempa tarehe nyingine, Ijumaa ya 13 Novemba. Ni nafasi ya mwisho. Ikipita hiyo, masomo yanafutika yote anaanza upya mwaka wa kwanza wa chuo. Akaiandika kwa kalamu nyekundu akaibandika kwenye friji, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hiyo anahitaji kile chumba, masaa matatu tu, na kwamba hajawahi kuniomba kitu kingine. Nikamwahidi. Nilimwahidi nikimwangalia machoni, na nilikuwa na uchungu wa kweli.

Mchana wakalala wote watatu, humo humo chumbani, mlango wamefunga. Mimi nikabaki koridoni. Nikaanza kuyapitia mambo haya kwa uaminifu, maana mwanamume lazima ajue alipokosea.

Nimepaona. Kosa lilikuwa kuchagua ugonjwa wa kuambukiza! Ugonjwa wa kuambukiza unawatia watu hofu, unafukuza mama mkwe, unavuruga nyumba bure. Mgongo hauambukizi. Mgongo hauna kipimo. Mwenye mgongo hatakiwi kubeba mtoto, anahitaji kitanda kigumu na utulivu, na kila mtu anakuja kumsaidia mkewe kulea. Yeye mwenyewe atanufaika.

Lakini haliwi jambo la kuzuka ghafla, hapo ndipo niliharakisha. Linatakiwa likue taratibu. Julai nitajishika kiuno mara moja moja. Agosti nitaacha kuinama. Nikifika mwanzoni mwa Novemba hakuna atakayeuliza.

Jioni nimeokota soksi ya Tonge, nikaguna kidogo wakati wa kuinuka. Mke wangu akaacha kufua, akaja kuniuliza kwa wasiwasi kama nimeumia.