Gari Langu Litavaa Dhahabu

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Nimeanza daftari hili leo. Shule nilikaa miaka miwili tu, ikanitosha. Waliokaa miaka kumi na miwili ndio hao wanaokuja kuniuliza mambo.

Kikao cha familia kwa mwanangu. Mjukuu wangu wa kwanza anaolewa tarehe 16. Swali likawa nani atampeleka bibi harusi. Nikasema hilo si swali. Siku aliyozaliwa nilimtoa hospitali mimi, kwa gari langu, kafungwa shuka kama mkate. Niliyemleta ndiye nitakayempeleka.

Mkwe akakohoa. Mkwe ni baba wa mke wa mwanangu, yaani babu mwenzangu kwa huyu binti. Alikuwa karani, na mpaka leo anavaa tai hata akimwagilia maua. Ati gari lake jeupe ni jipya, halitoi moshi, na milango yake yote minne inafungwa. Alipotaja milango alinitazama mimi.

Gari langu ni chuma cha zamani, chuma chenye adabu. Lilikuwa la buluu. Paa lake sasa lina rangi ambayo haijapewa jina.

Mjukuu akasema sisi waume zake wazee tusimgombanie. Atakuja kuyatazama magari yote mawili Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, ndipo achague. Kwangu ana neno moja tu: babu, safisha gari. Mke wangu akadakia kwamba mke mwenzake ana imani kubwa.

Kusafisha. Mtoto huyo. Bibi harusi hutamka kusafisha kwa haya, moyoni anataka dhahabu.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Kwa fundi wa stika. Huyu huchukua gari akalivisha plastiki ya rangi mwili mzima, mpaka unaapa limetoka kiwandani. Nikamwuliza bei kabla sijazima injini. Akasema bei haitoki kinywani kwake, inatoka kwenye gari langu. Maneno ya mganga.

Akazunguka na futi yake. Alikuwa anapima na kuguna. Ati kwanza ukubwa: gari kubwa linakula plastiki nyingi. Halafu umbo: mahali palipopinda kama bampa na vioo vya pembeni, mkono unachelewa, na mkono ukichelewa bei inapanda. Halafu aina ya plastiki. Ile nene na ngumu ni rahisi, ila kwenye mikunjo hujivuta na jua huimaliza upesi. Ile nyembamba na laini hukaa miaka, nayo inalipiwa miaka hiyo. Halafu hali ya rangi ya chini. Akaweka kidole kwenye kutu ya mlango. Kidole kikaingia. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali.

Nikamwambia nataka dhahabu inayong'aa kama kioo. Akashika kiuno. Ati hiyo ndiyo ghali kuliko zote, na haisamehi hata chembe ya mchanga.

Akataja bei. Nikamwuliza kama ni pamoja na karakana.

Lakini fundi huyu mjinga. Amenitajia mwenyewe vyote vinavyopandisha bei. Nitavishusha kimoja kimoja kama mtu anayeanua nguo kambani.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimeanza na ukubwa. Kama gari kubwa ni bei kubwa, dawa ni kulipunguza gari. Jana kutwa nimetoa bampa ya mbele, bampa ya nyuma, vioo vya pembeni, vishikio vya milango na ule mkanda wa chuma wa ubavuni. Nikavitia katika gunia. Gari likabaki dogo, limenyoka kama kijana aliyetoka kunyolewa.

Asubuhi nikaliendesha mpaka karakana. Bila vioo sikuona nyuma, nikaisukuma kidogo meza ya fundi. Sasa ina miguu mitatu. Kutoka nikatokea dirishani, maana mlango hauna pa kushika.

Fundi akafungua gunia. Akatoa vidude vya plastiki vya kubania bampa, vyote vimevunjika, akavipanga juu ya kile kilichobaki cha meza. Ati bampa hazipungui kwa kuwekwa guniani, bado zitavalishwa. Na vishikizo hivi nilivyovunja itabidi vinunuliwe vipya, na kuvirudisha ni kazi ya siku nzima.

Bei imepanda. Na meza imo.

Nilimwambia baba yake angenielewa. Akasema baba yake ni seremala, na ndiye aliyetengeneza meza.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimehamia kwenye hali ya rangi. Fundi alisema plastiki inataka mwili laini kama chupa. Kwake kulainisha ni siku mbili na pesa. Kwangu ni mafuta ya kupikia. Nimechukua dumu la mama watoto alilonunua kwa ajili ya harusi, nikalipaka gari jana na leo, kwa soksi. Likateleza mpaka nzi wakashindwa kusimama.

Mkwe akapita na tai yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema gari linanukia vizuri. Wivu huo.

Nilipofika karakana fundi hakunikaribisha. Alitoka nje akabandika kipande cha plastiki kwenye boneti, akakunja mikono. Kipande kikaanza kushuka. Kilikwenda taratibu, hakina haraka, kikafika taa ya mbele, kikapumzika, kikaanguka. Akasema, mzee wangu, gundi na mafuta ni mke na hawara, hawalali chumba kimoja. Kuyatoa mafuta yote mpaka kwenye viungo vya milango ni spiriti na siku nyingine nzima ya kazi.

Bei sasa ni ya Jumatatu na nusu yake. Haijapata kushuka hata mara moja. Nilimwuliza kama ina ngazi ya kuteremkia.

Nyumbani mama watoto alikuwa anatafuta dumu. Nikamwambia nyumba hii ina wezi.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimeamua kufanya mwenyewe. Siku zote mimi ndiye fundi wa mafundi.

Sokoni kuna muuza plastiki za kufunikia meza na rafu. Ana bunda la dhahabu, lina gundi nyuma, bei ya kuchekesha. Akaniuliza meza yangu ina ukubwa gani. Nikamwambia ina magurudumu manne. Akasema plastiki hii ni ya ndani ya nyumba, haijui jua. Nikamwambia basi itajifunza, hata mimi nimejifunza mengi uzeeni.

Nimelisugua gari kwa sabuni ya unga. Mafuta yametoka karibu yote.

Haraka haraka haina baraka, ni kweli. Lakini polepole haina harusi.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Kazi imekwisha kwa siku moja. Fundi alitaka siku tano.

Siri ni hii. Fundi alisema kukata kwenye kila mlango na kukunja ncha ndani ndiko kunakokula muda. Basi mimi sikukata. Nimetandika kutoka taa za mbele mpaka taa za nyuma, kipande kwa kipande, vimelaliana, bila kujali mlango unaanzia wapi. Palipooza kwa kutu nimeziba kwanza kwa boksi la sabuni. Mikunjo nimeilainisha kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wa mwanangu. Hewa ilipobaki chini nimechoma kwa sindano, vitobo mia na kitu.

Jioni likang'aa. Watu wawili walisimama barabarani, mmoja akavua kofia.

Mama watoto akalizunguka mara mbili. Akauliza bibi harusi ataingilia wapi.

Nikamwambia asinichoshe. Kisha nikalizunguka mimi. Milango yote minne ilikuwa chini ya dhahabu. Buti pia. Dirisha la dereva nililiacha wazi kwa bahati, yaani kwa mpango.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Jua jana. Jua leo. Plastiki imejivuta kama mtu aliyeitwa kulipa. Penye mikunjo imeachia, katikati ya boneti kumeota vivimbe vinne, kimoja kikubwa kama chungu. Nilichana mlango wa nyuma kwa kisu cha jikoni ili nipate njia ya bibi harusi. Mpasuko haukusimama mlangoni. Ulikwenda zake mpaka kwenye taa.

Fundi wa stika alipita. Alitazama muda mrefu sana, hakucheka, nikaona ameguswa. Akaomba ruhusa apige picha awaonyeshe wateja. Nikakubali, nikasimama pembeni, mkono juu ya boneti, kifua mbele. Alisema picha hiyo itamsaidia sana katika kazi.

Usingizi sijapata vizuri. Ijumaa imekaribia. Nimemwona Mkwe akipangusa matairi kwa mswaki.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Mjukuu amekuja saa nne. Mkwe alikwishafika na gari lake jeupe, amesimama kando yake kama askari wa benki.

Binti akalizunguka gari langu. Akagusa kivimbe kikubwa. Kikazama, kikatokea upande wa pili. Akashika mdomo. Halafu akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama watoto naye, na mke wa mwanangu, aliyekuja kutafuta mashine yake ya nywele. Nilicheka pia, ili wasidhani ni mimi.

Akashika ncha moja akavuta. Dhahabu ikaja, na buluu ya zamani ikaja nayo, imeshikana na gundi kama ngozi ya viazi. Mpaka kwenye chuma.

Kisha akaingiza kidole kwenye tundu la kishikio, akafungua mlango wa nyuma, ule nilioupasua. Akachungulia ndani. Kicheko kikamwisha. Viti vina grisi. Kuna betri bovu, gunia la bampa, na dumu la mama watoto, tupu. Akaniuliza kwa upole, babu, gauni langu ni jeupe, nitakaa ndani au nitakaa juu ya boneti? Alinikumbusha kwamba aliniomba nisafishe tu. Wiki mbili sijagusa kiti.

Nikalisogeza gunia la bampa kwa mguu. Nikasema, basi nenda na Mkwe, gari lake safi.

Mkwe akakohoa. Nilijua sasa atasema lake. Akavua tai. Akaiweka juu ya gari lake, akakunja mikono ya shati, akauliza ndoo iko wapi. Ati yeye ni babu mwenzangu, si adui yangu, na binti tangu mdogo anasema atatoka kwao kwa gari hili bovu. Neno bovu lilikuwa la bure, lakini nilimwachia.

Tumefanya kazi wote. Wanawake viti, sisi wazee plastiki. Binti akampigia fundi wa stika, naye akaja akafunga bampa na vishikio vya milango, akakataa malipo. Alisema picha imemlipa. Vioo vya pembeni vimevunjika shingo, haviwezi kusimama.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Nimempeleka.

Viti vilitandikwa shuka nyeupe. Nje gari lilikuwa chuma kitupu, mabaka ya buluu, na dhahabu kidogo iliyokataa kutoka paani. Binti alikaa nyuma na bibi yake, wakishikana mikono. Kwa kuwa sina vioo, Mkwe alikaa mbele akatoa kichwa dirishani, akawa ananiambia nani yuko nyuma. Alifanya vizuri kwa karani. Mara moja alisahau kazi akapungia watu mkono, nikamkemea.

Binti aliposhuka alinibusu shavuni. Akaninong'oneza sikioni, mume wangu, hujanitia aibu hata kidogo. Nililazimika kukagua tairi la nyuma kwa muda. Lilikuwa zima.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nimepumzika, nimefikiri, nimepata hesabu ya jambo zima. Mpango wangu ulikuwa sahihi toka mwanzo hadi mwisho. Bibi harusi alipanda gari la nani? Langu. Basi.

Kosa lilikuwa moja tu, dogo, tena si langu. Joto. Mashine ya nywele ni ya nywele. Plastiki inataka moto wenye heshima.

Mkwe na mkewe wamesafiri siku nne kwenda kumwona bibi harusi kwake. Mkwe ameniachia ufunguo wa gari jeupe, akaniomba niwashe injini kila asubuhi, betri isilale. Mtu aliyenivulia tai mbele ya watu siwezi kumlipa kwa kuwasha injini tu. Muuza plastiki ana mabunda mawili ya rangi ya mbao, yenye mistari kama kabati. Atakaporudi hataamini macho yake.

Mama watoto ameona mabunda, akaenda kuificha mashine ya nywele. Hakuna neno. Pasi imeshapata moto. Naanza na boneti.