Kuhusu Kichwa Changu Kuwekwa Chini ya "Mengineyo"

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi,
Sebuleni.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kwa kuwa haina safari ndefu. Inatoka chumbani kwangu, inapita mlango mmoja, inafika kwenye meza yangu ambako wewe na wajumbe wako mnakunywa chai yangu. Ningeweza kuyasema haya kwa mdomo, wewe ukiwa mdogo wangu wa tumbo moja, lakini tangu ninyolewe, wiki tatu sasa, hujakanyaga humu ndani. Unasimama nje ya mlango, unauliza, "Dada, umeamkaje?" na kabla sijajibu nasikia kandambili zako zinaondoka. Ndiyo maana nimeona nifuate utaratibu wa maandishi.

Najua mnachoandaa. Daktari alisema miezi, hakusema miaka, na aliyasema hayo mbele yangu kwa sababu nilimwambia mimi si mtoto. Sina kinyongo na maandalizi yenyewe. Nilikuwa karani wa vikao vya baraza la mji kwa miaka thelathini na moja, na napenda jambo liandaliwe mapema. Ninacholalamikia ni kichwa changu. Malalamiko nimeyapa namba ili msije mkasema hamkuyaona.

1. Kuhusu muhtasari wa kikao cha tatu. Binti yangu, ambaye ndiye katibu wenu, huusahau kwenye sinia ya dawa zangu. Sijui kama anausahau kweli, na sijauliza. Ajenda ya kwanza ni viti. Ya pili ni turubai. Ya tatu ni nani atasoma wasifu wangu bila kuzidisha dakika saba. Kichwa changu kimewekwa mwisho kabisa, chini ya "Mengineyo", baada ya suala la jirani anayeegesha gari mbele ya geti. Mwenyekiti, nimeandika mihtasari zaidi ya elfu moja. Mengineyo ni pale ambapo watu wameshasimama na wanatafuta viatu vyao. Kichwa cha mhusika mkuu hakistahili kukaa hapo. Isitoshe, mmeandika "hali ya nywele za Dada". Hali ni ya hewa, au ya barabara. Hizi nywele ni uamuzi.

2. Uamuzi wenyewe haujaandikwa sawasawa, kwa hiyo nauweka wazi. Siku ile tulikuwa tunatoka kliniki. Binti yangu aliingia duka la dawa, akaniacha kwenye benchi nje, na mlango unaofuata ni wa kinyozi. Nilijikongoja hatua kumi na moja, nikaingia. Ukutani ana bango la vichwa vya vijana, kila kichwa na namba yake. Nikaomba namba kumi na nne: pembeni na nyuma zimepitishwa mashine mpaka ngozi inaonekana, juu zimeachwa fupi zimesimama, na juu ya sikio la kushoto mistari miwili ya wembe. Kinyozi akasema, "Mama, hiyo ya vijana." Nikamwuliza kama kwenye bango pameandikwa umri. Alilitazama bango lake kwa muda mrefu, mtu wa haki yule, kisha akasema hapana, hapajaandikwa, akanifunga shuka shingoni.

Binti yangu alipofika, upande mmoja ulikuwa umeshakwenda, na hakuna anayerudishwa nyumbani na upande mmoja. Alilia kidogo. Fundi magari aliyekuwa akisubiri zamu alimpisha kiti akamwambia, "Usilie dada, mama anatoka mkali." Na kweli nilitoka mkali. Nilipojiona kwenye kioo, na mvi zangu zimesimama kama brashi mpya, nilimwamkia yule mama kabla sijamtambua.

3. Kuhusu wigi. Wifi yangu, mkeo, mratibu wa mavazi, amenunua wigi la kunivika siku hiyo ili watu "wamwone vile walivyomzoea". Nimelisikia likitolewa kwenye mfuko. Na kwa kuwa hamkutaka kunisumbua, mliamua lijaribiwe kwenye kichwa chako, kwa hoja kwamba mimi na wewe tuna kichwa kimoja, cha marehemu baba. Muhtasari unasema: "Mwenyekiti alijaribu. Lilimkaa vizuri. Wajumbe waliridhika." Mimi sikuridhika. Mtu akiondoka huacha vitu nyuma, sijasikia anayeongezewa. Mnadai pia kwamba marehemu mume wangu alizipenda nywele zangu ndefu. Alichosema marehemu kuhusu nywele zangu, kwa miaka arobaini na miwili, ni kwamba zimeziba tena bomba la bafuni. Alilizibua mwenyewe, bila kununa, na hilo ndilo nililompendea.

4. Kuhusu picha. Ile mliyoikuza na kuificha nyuma ya kabati, ikiwa imeelekea ukutani kama mwanafunzi aliyekosa, nilipigwa miaka kumi na tisa iliyopita siku ya kustaafu. Msusi alianza kunisuka alfajiri. Alizivuta nywele mpaka nikashindwa kufumba macho. Wifi anasema humo naonekana mwenye busara. Ile si busara, Mwenyekiti, ni maumivu. Mkiiweka picha ile mbele ya watu, watamlilia mwanamke ambaye hata mimi nilikuwa naye siku moja tu, na hatukuelewana.

Hapa nilipumzika. Mkono wangu siku hizi huandika aya mbili tatu kisha unadai mapumziko kama kibarua anayejua haki zake. Naendelea.

5. Kuhusu tuhuma kwamba nimechanganyikiwa. Ukuta wa nyumba hii ni mwembamba, na mimi ndiye niliyemlipa mwashi, kwa hiyo najua. Nimemsikia wifi akisema, "Yule siye yeye, ni dawa zinamfanya." Nimemsikia binti yangu akimpigia daktari, simu ikiwa kwenye spika, kuuliza kama vidonge vinaweza kumfanya mtu akanyoe mtindo. Daktari alimjibu kwamba haviwezi, kisha akauliza kinyozi mwenyewe yuko wapi.

Ingekuwa dawa hizo zinatia ujasiri, ningeshitaki kwa kucheleweshewa. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita alikuja ofisini kwetu mkaguzi kutoka makao makuu, mwanamke, nywele fupi kuliko za wanaume waliompokea. Alikaa, akakunja nne, akaanza kuongea, na wale mabwana ambao hawakuwahi kuandika neno langu hata moja wakatoa kalamu. Jioni nilisimama mbele ya kioo na mkasi mpaka sufuria ikaungua jikoni. Nikaurudisha mkasi kwenye droo. Kesho yake nilichana nywele kama kawaida, na kesho kutwa, na miaka hamsini na miwili baadaye. Kama kuna siku nilizochanganyikiwa, ni hizo.

6. Kwa kuwa nimetaja mkasi, utaratibu unanitaka nitangaze maslahi. Ulipokuwa na miaka sita, siku ya kwanza kwenda shule uliamka na njia nyeupe kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini. Mama alikuchapa kwa kuchezea mkasi. Uliapa hukuugusa. Mwishowe ukoo ukakubaliana kuwa ni panya, na mpaka leo unawasimulia wajukuu habari za panya aliyekula nywele zako, na kila mwaka panya anazidi kunenepa.

Hakukuwa na panya. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilitaka kuona nywele zinavyodondoka, na wewe ulikuwa umelala mdomo wazi. Nilizisikia fimbo zako zote nikiwa mezani, na sikuacha kula. Nimeandika kumbukumbu za watu maisha yangu yote, lakini hii sikuiandika popote. Nisamehe.

Ninachotaka kamati ione, hata hivyo, ni kwamba katika ukoo huu kichwa kilichonyolewa bila ridhaa ya mwenyewe ni kimoja tu, nacho ni cha Mwenyekiti. Changu kilinyolewa kwa ridhaa, mchana, mbele ya mashahidi.

7. Kuhusu ukimya. Nyumba hii imekuwa kama maktaba. Watu wananyata. Vijiko vinawekwa mezani kana kwamba vina mchubuko. Anayeingia huku huangalia dirisha, huangalia shuka, huangalia chupa ya maji, kisha hutoka akisema naonekana vizuri. Mtu amekwenda akanyolewa namba kumi na nne akiwa na miaka sabini na minane, na katika nyumba nzima hajapatikana hata mmoja wa kumcheka. Hili la saba ndilo linalonikera kuliko yote, na limekuja mwisho kwa sababu mkono ulikuwa unalikwepa.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima yafuatayo.

Kwanza, wigi libaki kwa Mwenyekiti, ambaye lilimkaa vizuri na ambaye upara wake unajulikana.

Pili, nipigwe picha mpya, ya ubavuni, upande wa kushoto, ili mistari ionekane.

Tatu, kwa kuwa mmeshindwa kukubaliana kuhusu sare kwa vikao viwili mfululizo, ndugu wote, wake kwa waume, wanyolewe namba kumi na nne. Hakuna kitambaa kitakachopungua wala mshonaji atakayechelewesha. Kinyozi aliniambia siku ile kwamba anaweza kumaliza vichwa kumi na viwili kwa siku, wifi akiwa wa kwanza ili awatie moyo wengine.

Nne, maombi haya yasipokubaliwa, nitalazimika kuahirisha shughuli. Nawakumbusha kwamba akidi hutimia kwa kuwapo kwangu. Mna viti, mna turubai, mna msomaji wa wasifu na saa yake ya dakika saba, lakini mgeni rasmi ni mimi, na sijathibitisha tarehe. Nina uzoefu mkubwa wa kuahirisha mambo; nywele hizi pekee niliziahirisha nusu karne.

Nasubiri jibu la maandishi, au la miguu, ukipenda kuvuka mlango.

Nisalimie wifi, na umwambie sina ugomvi naye, ila mkono wake ni mwepesi mno wa kununua. Msalimie katibu, binti yangu, ambaye analia na bado muhtasari wake hauna kosa hata moja. Wasalimie wajumbe kila mmoja kwa nafasi yake, daktari wangu na nywele zake mpya kama ameshakwenda, kinyozi, fundi magari, na jirani wa gari la getini, ambaye katika muhtasari mzima ndiye pekee aliyewekwa kwenye ajenda kwa kosa alilolifanya kweli.

Aliyeketi upande wa pili wa ukuta,
Dada yako mkubwa,
Karani Mstaafu.

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha ulipoingia. Hukubisha hodi, kikao kilipungukiwa kiti, na ulikuja kuchukua hiki cha dirishani ukidhani nimelala. Ukakiinua, ukageuka, ukaniona. Nilikuona ukibana midomo kama mtu aliyefumaniwa na sukari, ukatazama dirisha, ukatazama chupa ya maji, ukashindwa. Ulicheka mpaka ukakikalia kiti chenyewe. Wifi akaja mbio akidhani jambo limeshatokea, akatukuta mimi na wewe tumeshikana mikono hatuwezi kusema. Ulipopata pumzi ukasema, "Dada, umekuwa kuku aliyenyeshewa," ukapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, na wa pili, ukauliza kama iliuma. Haikuuma.

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko yote, pamoja na maombi yangu manne. Namba sita haikuwa lalamiko. Hiyo ibaki, na uisome ukiwa peke yako. Mengine fanyeni mnavyoona. Nivisheni wigi. Wekeni picha ya maumivu. Hata mkiniweka chini ya Mengineyo, sawa, nitakaa hapohapo. Tarehe pangeni nyie, ila msiharakishe.

Na kiti usikirudishe sebuleni. Kamati itafute kingine.